Mleta Habari Alilala kwa Nani?

Tarehe 22 Agosti 1871 rugaruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo wa Urambo, waliingia Tabora. Walimuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu walioheshimiwa sana mjini, wakapora, na kuacha sehemu ya mji ikiteketea. Kilometa chache kutoka hapo, Kwihara, ndani ya tembe yenye kuta nene za udongo, mwandishi wa gazeti la New York Herald alikuwa akijiandaa kuzingirwa. Henry Morton Stanley alikuwa amekuja kumtafuta mmisionari Livingstone, na vita hivyo vilimfungia njia ya Ujiji. Aliyoyaandika kutoka Kwihara ndiyo waliyoyasoma watu wa Marekani na Uingereza kuhusu vita vya Unyanyembe, eneo la Tabora. Katika maandishi hayo Mirambo ni jambazi aliyekaa njiani kuwanyang'anya wafanyabiashara mali yao.

Aprili 1876 Stanley huyohuyo alikutana na Mirambo uso kwa uso, wakachanjana na kuwa ndugu wa damu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1878, yule jambazi amegeuka kuwa mtu mpole, mwenye adabu na akili ya utawala. Mirambo hakubadilika kiasi hicho kwa miaka mitano. Kilichobadilika ni mwenyeji wa Stanley. Mwaka 1871 alikaa kwenye nyumba aliyopewa na Waarabu wa Unyanyembe, akala chakula chao, na mwanzoni mwa Agosti akatoka na watu wake wenye bunduki kwenda kupigana upande wao. Aliyekuwa akiripoti vita alikuwa mpiganaji katika vita vilevile. Mwaka 1876 alikuwa akipita katika nchi ambayo Mirambo ndiye aliyeshika njia zake, na usalama wake ulimtegemea yeye.

Kwa hiyo anayefuatilia vita vya leo, viwe vya Goma, Gaza, Sudan au Ukraine, aanze na swali hilo kabla ya swali jingine lolote: aliyeleta habari hii alilala kwa nani? Nani alimpa gari, ulinzi, mkalimani na mshahara? Kuuliza hivyo si kumwita mtu mwongo. Mengi aliyoyaeleza Stanley kuhusu siku ile ya Agosti yalitokea kweli: mji ulishambuliwa, Khamis aliuawa, nyumba ziliungua. Kilichopinda ni maelezo ya kwa nini.

Tenganisha tukio na sababu

Chukua karatasi, ikunje katikati. Upande mmoja andika kilichotokea: wapi, lini, nani, kiasi gani. Upande wa pili andika sababu zilizotajwa na aliyezitaja. Fanya hivyo kwa vyombo viwili visivyo na mwenyeji mmoja. Upande wa matukio utafanana kwa sehemu kubwa baada ya siku mbili tatu. Upande wa sababu ndio utakaotofautiana, na hapo ndipo msomaji anapaswa kukaa muda mrefu zaidi.

Vita vya Mirambo ni mfano mzuri kwa zoezi hili kwa sababu mashahidi wake wako wa pande nyingi. Waarabu walisema mtemi alidai hongo kubwa, yaani ushuru wa njia, kwa misafara iendayo Ujiji, kisha akafunga njia. Upande wa Mirambo ulikuwa na kilio chake: Waarabu walikuwa wamejiingiza katika siasa za Unyanyembe na kumkingia kifua Mkasiwa, mtemi aliyekuwa hasimu wake, huku wakitaka biashara ya pembe ibaki mikononi mwao. Ebenezer Southon, daktari wa misheni ya London aliyehamia Urambo mwaka 1879, aliishi chini ya ulinzi wa Mirambo, na barua zake zinaonyesha mtawala anayetaka biashara na wageni. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika shambulio la majeshi ya Mirambo na mshirika wake. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja ambaye alikuwa ameanza kumwelekea Mirambo, akampa kisogo.

Yupo shahidi mwingine ambaye msomaji wa Kiswahili anaweza kumsoma bila mkalimani. Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20. Baba yake, Muhammad bin Juma, alikuwa mtu wa Tabora aliyeoa katika ukoo wa mtemi Fundikira. Katika masimulizi hayo Mirambo ni jirani mwenye nguvu ambaye mfanyabiashara mwenye busara hutafuta namna ya kuelewana naye. Baada ya uhuru picha ikageuka tena: wanahistoria wakamwona mjenzi wa dola, na Tabora ikawa na shule ya sekondari yenye jina lake, Milambo. Aliyesoma barua za Kwihara peke yake hajui hata nusu ya vita hivyo.

Sasa lete zoezi hilohilo karibu. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 walitangaza kuwa wameutwaa mji wa Goma. Kwa siku moja au mbili habari zilikuwa za kupingana, kisha tukio likatulia na hakuna aliyebisha kuwa waasi wako mjini. Sababu hazikutulia. Kinshasa ilisema ni uvamizi wa Rwanda. Kigali ilisema inajihami dhidi ya wapiganaji wa FDLR, kundi lenye mizizi katika mauaji ya kimbari ya 1994. M23 wenyewe walisema wanakomboa nchi na kuwalinda Watutsi wa Congo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameeleza katikati ya 2024 kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako ndani ya Congo. Rais Kagame alipoulizwa na CNN tarehe 3 Februari 2025 kama majeshi yake yapo huko, alijibu kuwa hajui. Msomaji makini huliandika jibu la namna hiyo kama lilivyotolewa, bila kuligeuza kuwa kukana wala kukiri.

Zingatia pia majina yanayobandikwa pande za vita. Kundi moja linaweza kuitwa magaidi, waasi, wapiganaji au wakombozi ndani ya saa moja, kutegemea masafa unayosikiliza. Jina likishaingia kichwani linamaliza hoja kabla hoja haijaanza. Dawa yake ni rahisi: unaposimulia habari kwa wengine, liite kundi kwa jina lake halisi, kisha useme limefanya nini.

Tarakimu za vifo zina mtego wake. Mwanzoni mwa Februari 2025 Umoja wa Mataifa ulisema waliouawa Goma wamefikia karibu 2,900. Tarehe 24 mwezi huohuo Waziri Mkuu wa Congo, Judith Suminwa, alitaja zaidi ya 7,000. Wengi mitandaoni walishika hesabu hizo mbili na kuanza kuitana waongo. Hesabu ya kwanza ilihusu mji mmoja na siku chache. Ya pili ilihusu mashariki yote ya Congo tangu Januari. Tarakimu ya vita isiyo na mahali, tarehe na jina la aliyehesabu isipokelewe.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja?

Methali hiyo inafaa kwa mambo ya mtaani. Wakati wa vita inaua.

Desemba 1866 Musa na wenzake, watu wa Nzwani katika visiwa vya Komoro, walifika Unguja na habari nzito: Livingstone ameuawa na wapiganaji wa Mazitu upande wa Ziwa Nyasa. Walikuwa katika msafara wake. Walieleza mahali, namna alivyopigwa na namna alivyozikwa. Mwakilishi wa Uingereza aliwahoji, akaona maelezo yao yanalingana, akaamini. Mwanzoni mwa 1867 magazeti ya London yakaomboleza.

Mwingereza Edward Young hakuamini. Alimfahamu Musa tangu safari za Livingstone za Zambezi, na alielewa kwamba mtu aliyemtoroka bwana wake njiani anahitaji hadithi itakayomlinda na kumpatia ujira. Mwaka 1867 aliongoza msafara kupitia mto Shire hadi ziwani na kuuliza kijiji kwa kijiji. Hakuwauliza watu kama Livingstone amekufa. Aliwaacha waeleze mgeni aliyepita, umbo lake, mavazi yake, alikoelekea. Walimwonyesha vitu alivyowaachia. Habari za vijiji zikampitisha Livingstone akiwa mzima mbali zaidi ya mahali alipodaiwa kuzikwa.

Namna ile ya Young haijapitwa na wakati. Kwanza pima faida: nani anapata nini habari hii ikiaminika? Pili, usidanganyike kwa kulingana kwa mashahidi waliosafiri pamoja. Musa na wenzake walikuwa na njia nzima ya kupanga maneno. Kurasa kumi za mtandaoni zinazorudia sentensi moja, koma kwa koma, ni shahidi mmoja. Tatu, tafuta mtu asiyehitaji kusema uongo, umuulize jambo dogo lililo karibu na tukio.

Kifo cha kweli kilipokuja, kilikuja na ushahidi wa aina nyingine kabisa. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Oktoba mwaka huo barua iliyoandikwa na mtumishi wake Jacob Wainwright ilimfikia Luteni Cameron wa Uingereza hapahapa Unyanyembe. Nyuma ya barua wakafika watumishi wake Susi, Chuma na wenzao wakiwa wamebeba mwili wenyewe. London ilipata habari Januari 1874. Mwili ulipofika Aprili, daktari aliutazama mfupa wa mkono uliovunjwa na simba miaka thelathini nyuma. Hapo kulikuwa na maandishi, mashahidi waliokuwapo, na mfupa.

Leo habari haichukui miezi minane kufika, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa uongo wa saa ya kwanza unafika kabla shahidi hajavuta pumzi. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa Israel kwa mafunzo ya kilimo walikumbwa na shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Kifo cha mmoja kilithibitishwa Novemba. Wa pili alihesabiwa miongoni mwa mateka, na ndugu zake waliishi kwa tumaini mpaka Desemba, ilipobainika kuwa aliuawa siku ileile ya shambulio. Katika wiki hizo za kungoja, kila aliyesambaza minong'ono kuhusu vijana wale alikuwa akiichezea mioyo ya wazazi. Saa 48 ni muda mzuri wa kungoja kabla ya kupeleka mbele habari yoyote ya kifo, kutekwa au kuanguka kwa mji. Aliye mbali na mabomu hapotezi chochote kwa kungoja.

Idhaa na mwenye idhaa

Msikilizaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wasemaji wa lugha nyingi za Afrika hawana: mataifa makubwa yanashindana kumwambia habari kwa lugha yake. Wamisri walianza kurusha matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo mwaka 1954, Kenya ikiwa katika moto wa Mau Mau na Nasser akitaka wakoloni waondoke. BBC ilifuata Juni 1957. Peking iliingia 1961, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle ya Ujerumani 1963. Redio Tehran nayo ina idhaa yake. RFI ya Ufaransa ilianza Kiswahili mwaka 2010, na TRT Afrika ya Uturuki mwaka 2023. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja kwa kupenda ushairi wetu. Kila idhaa ilianzishwa na dola iliyokuwa na shauri lake katika eneo hili au ugomvi wake na dola nyingine.

Hilo halizifanyi ziwe za kutupwa. Waandishi wengi wa idhaa hizo ni Watanzania, Wakenya na Wacongo wanaoijua kazi yao, na mara nyingi wamesema mambo ambayo redio za nyumbani zisingethubutu. Ila fedha inatoka wapi ni jambo la kujua. Machi 2025 amri ya Rais wa Marekani iliwapeleka nyumbani watumishi wa Sauti ya Amerika, na matangazo ya Kiswahili yaliyozoeleka kwa zaidi ya miaka 60 yakakatika.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: kwa kila vita, uliza kama mwenye idhaa ni mhusika, mshirika wa mhusika, mpatanishi au mtazamaji. Majibu hubadilika kutoka vita hadi vita. Ujerumani ni mshirika wa Ukraine na inaipa silaha, hivyo sikiliza DW kuhusu Ukraine ukilijua hilo. Kuhusu Sudan hali ni nyingine. Qatar, mwenye Al Jazeera, ilikuwa mwenyeji wa mazungumzo ya Doha kati ya Kinshasa na M23, kwa hiyo katika suala la Congo ni mpatanishi. Israel na Iran zilipopigana kwa siku 12 Juni 2025, Redio Tehran ilikuwa sauti ya mpiganaji mmoja. Kuisikiliza bado kulikuwa na faida, kwa sababu ilikuonyesha kile ambacho Tehran ilitaka kiaminike, na ukiweka maneno yake kando ya taarifa za jeshi la Israel, yale ambayo pande zote mbili zilikubali yalikuwa na uzito kuliko yote.

Kwa habari za Congo, ongeza Redio Okapi. Ilianzishwa Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini humo pamoja na Fondation Hirondelle, na inatangaza kwa Kifaransa na lugha nne za Congo, Kiswahili kikiwamo. Nayo ina mwenyeji wake, Umoja wa Mataifa, ambao wanajeshi wake wako katika vita hivyo. Faida yake ni waandishi walioenea mikoani, wanaotaja kijiji na barabara kwa jina.

Kisha uliza kisichotangazwa. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023 na vimewang'oa makwao zaidi ya watu milioni 10. Sudan inapakana na Sudan Kusini, mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini fungua taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na mara nyingi utasikia Kyiv na Gaza, na Khartoum isipate hata dakika. Wahariri wetu wanachukua picha zinazopatikana kirahisi kutoka mashirika ya nje, na vita visivyopigwa picha vinapotea. Huu ni udhaifu mkubwa, na msomaji anayeujua ataitafuta Sudan mwenyewe.

Upande wako nao

Vita vya Kagera ni kipimo kigumu zaidi kwa Mtanzania, kwa sababu ndani yake hakai kama mtazamaji.

Oktoba 1978 Redio Uganda ilidai mara kwa mara kwamba Tanzania imeivamia Uganda. Mwisho wa mwezi majeshi ya Idi Amin ndiyo yaliyovuka mpaka. Hii ni ishara ya kukumbuka: mwenye nia ya kushambulia hupenda kutangaza kwanza kuwa ameshambuliwa. Agosti 1939 makachero wa Hitler waliigiza uvamizi wa kituo cha redio cha Gleiwitz wakijifanya Wapolandi, na kesho yake Poland ikavamiwa.

Tarehe 1 Novemba 1978 Kampala ikatangaza kuwa imetwaa ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na kwamba kazi hiyo imechukua dakika 25. Hapa msikilizaji hakuhitaji mpelelezi. Kutoka Mutukula hadi daraja la Kyaka ni karibu kilometa 30, na eneo lililotajwa lina kilometa za mraba zaidi ya 1,800. Hata gari tupu, kwenye barabara ya vumbi ya wakati ule, lingepata taabu kumaliza safari hiyo kwa dakika 25. Madai ya vita yapimwe kwa ramani na saa. Uliza umbali, uliza barabara ikoje, uliza mvua imenyesha. Kesho yake Mwalimu Nyerere, kijana wa zamani wa Tabora School, alihutubia taifa redioni na kueleza kwamba sababu ya kupigana ipo, nia ipo na uwezo upo.

Sasa sehemu ngumu. Mapema mwaka 1979 JWTZ lilikuwa ndani ya Uganda. Masaka ilianguka Februari, na Kampala ikafuata tarehe 11 Aprili. Kwa wiki nyingi vyombo vya habari vya nyumbani havikusema wazi kwamba ni majeshi ya Tanzania yanayosonga. Waliowekwa mbele ni wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Serikali ilikuwa na hofu yake: Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulishikilia kwamba mpaka wa nchi nyingine usiguswe. Aliyetaka kujua vijana wa Tabora waliochukuliwa kwenda vitani wamefika wapi alilazimika kutega sikio kwenye masafa mafupi ya nje.

Vita vya Kagera vilikuwa vya haki, na waliokufa humo wanastahili heshima yote. Hilo halibadilishi kwamba taarifa za upande wetu zilikuwa na mapengo ya makusudi. Msomaji anayewabana wasemaji wa Moscow au Tel Aviv na kuwapokea wa nyumbani kwa makofi hajaanza kazi. Suala hili halijapita: Tanzania ilikuwa na wanajeshi katika kikosi cha SADC kilichokuwa mashariki ya Congo wakati Goma inaanguka. Katika vita hivyo sisi hatukuwa watazamaji.

Picha, video na simu

Kikundi cha WhatsApp cha ukoo, cha jumuiya au cha wafanyabiashara wa soko ndicho redio ya vita ya watu wengi Tabora. Video hufika bila jina, bila tarehe, ikiwa na maandishi mekundu ya kutisha. Isimamishe kwanza. Piga picha ya skrini, uipeleke kwenye Google Lens, uone ilionekana wapi mara ya kwanza. Mara nyingi inatokea miaka kadhaa nyuma, katika nchi nyingine. Baadhi hata si vita. Mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 umetumiwa mara nyingi kama picha halisi za Ukraine na Gaza, kiasi kwamba mwaka 2022 kampuni inayoutengeneza ilitoa maelezo ya kuwasaidia watu kuutambua: picha hafifu, giza, kamera inayotetemeka, kukosekana kwa sauti, na kutoonekana kwa watu wanaotembea.

Hata bila intaneti ya kutosha, macho yanafanya kazi. Soma mabango ya maduka na namba za magari. Sikiliza lugha na lafudhi. Tazama ardhi. Goma imejengwa juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima Nyiragongo. Ukiletewa video ya "Goma" yenye vumbi jekundu na minazi, iache hapo. Kwa yanayokushinda, tazama kama JamiiCheck, PesaCheck au Africa Check wameyashughulikia. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha kusambaza, kumbuka kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inahesabu kuchapisha taarifa za uongo kuwa kosa la jinai.

Njia ya zamani bado ina mashahidi wake. Malori na mabehewa ya mizigo ya Congo yanapita Tabora. Kigoma kuna kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 vita vya Congo vilipowasukuma watu kuvuka ziwa. Ulyankulu, palepale ambapo Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga Mirambo mwaka 1871, wanaishi maelfu ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wengi wao sasa raia wa Tanzania. Watu hawa wana ndugu Uvira, Fizi na Bujumbura, nao hupigiana simu. Ukimpata mmoja wao, muulize kwa staha na kwa mpangilio: uliyaona mwenyewe au uliambiwa? Ulikuwa wapi? Ilikuwa asubuhi au usiku? Nani mwingine alikuwapo? Asiyejua jambo aachwe aseme hajui. Na usimshinikize aliyefiwa ili upate habari ya kwenda kusimulia kijiweni.

Sauti za namna hii ndizo zinazokosekana hata katika vita vilivyoandikwa sana. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Congo, chini ya Jenerali Tombeur, yaliingia Tabora. Wabelgiji wakaandika ushindi mkubwa, na Brussels ina mtaa wenye jina la Tabora hadi leo. Wajerumani wakaandika kwamba Jenerali Wahle aliondoa askari wake kwa mpango mzuri. Waingereza waliokuwa wakija kutoka Mwanza wakaandika kwa kinyongo, kwa kuwa walichelewa. Simulizi tatu, zote za maofisa wa Ulaya. Wapagazi waliobeba risasi, mahindi na majeruhi wa pande zote tatu, na akina mama waliochukuliwa vyakula vyao ghalani, hawana hata ukurasa. Kwa kila ripoti ya vita unayosoma, hesabu waliozungumza ndani yake: wangapi ni wanajeshi na wanasiasa, wangapi ni watu walioipoteza nyumba. Ripoti isiyo na hata mmoja wa aina ya pili ni taarifa ya makao makuu iliyovalishwa nguo za habari.

Habari ya amani

Amani nayo ipokewe kwa uchunguzi uleule. Vita vya kwanza vya dunia vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali von Lettow-Vorbeck, akiwa Zambia ya leo, alipata habari siku chache baadaye, watu wake wakiwa wameshaingia Kasama, na alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya sasa, tarehe 25. Tangazo lilikwisha kutoka, na bado kulikuwa na wapagazi waliokuwa wakibeba mizigo ya vita.

Tarehe 27 Juni 2025 Congo na Rwanda zilitia saini makubaliano mjini Washington, na mitandao ya Kiswahili ikajaa pongezi. M23 hawakuwa sehemu ya saini hiyo. Wao na Kinshasa walitia saini tamko la kanuni mjini Doha tarehe 19 Julai, na mapigano yakaendelea baada ya hapo. Kwa hiyo, ukisikia mkataba, tafuta kwanza majina ya waliotia saini, kisha uyalinganishe na majina ya wanaoshika bunduki. Halafu fuatilia mambo yanayopimika: uwanja wa ndege wa Goma unapokea ndege za abiria? Benki za mji zinatoa fedha? Takwimu za UNHCR zinaonyesha wangapi wamevuka Ziwa Tanganyika kuingia Kigoma mwezi huu, na wangapi wamerudi? Madereva wanaoshusha mzigo Uvira wanalipia vizuizi vingapi njiani, na anayepokea fedha hizo amevaa sare ya nani?